Wanafunzi wa afya Songwe waanzie jikoni

Vyuo vikuu vya Marekani, Ulaya na Australia vina desturi ya kupeleka wanafunzi wao wa uuguzi, udaktari na afya ya jamii nchini Thailand kwa majuma machache ya kujifunza kwa kuona. Wengi hufikia Chiang Mai, kaskazini mwa nchi hiyo, na ratiba zao mara nyingi huwa na mambo mawili ambayo kwa haraka hayaonekani kuwa na undugu: darasa la mapishi, na ziara za nyumba kwa nyumba pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini. Asubuhi mwanafunzi yupo sokoni akichagua mchaichai, pilipili na papai bichi. Papai lile analiponda kwenye kinu pamoja na karanga, ndimu na maji ya samaki waliochachushwa, akapata kachumbari iitwayo som tam. Kisha anajifunza tom yum, supu kali yenye uchachu; ile ya kamba iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2024. Mchana mwanafunzi huyohuyo anamfuata mhudumu wa kujitolea wa kijiji, anayepima shinikizo la damu la wazee na kuuliza nani amemaliza dawa zake na nani hajazigusa.

Ni rahisi kuliona darasa la mapishi kuwa burudani ya wageni, na kwa baadhi ya safari hizo ndivyo lilivyo. Historia ya afya ya Thailand inasema jingine. Baadhi ya ushindi mkubwa wa nchi hiyo dhidi ya maradhi ya watoto na ya wakulima ulipatikana pale wataalamu walipokubali kuingia jikoni, wakaangalia kinachopikwa, kinavyopikwa, nani anakila na saa ngapi.

Somo hilo linaufaa sana Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, na wakati wake ni huu, serikali inapoandaa maelfu ya wahudumu wapya wa afya ngazi ya jamii. Mwanafunzi wa afya, awe mzaliwa wa Vwawa au mgeni aliyeshuka na ndege kutoka Copenhagen, asisimame mbele ya wanakijiji wa wilaya za Mbozi, Momba, Ileje au Songwe kuwafundisha lishe kabla hajakaa kwenye majiko yao akajifunza kupika wanachokula.

Watoto wa Ubon

Katika miaka ya 1950 na 1960, Ubon Ratchathani, jimbo la wakulima lililo mpakani na Laos, lilikuwa na watoto wengi wenye mawe kwenye kibofu cha mkojo. Walikuwa wadogo, wengine hawajafikia umri wa kwenda shule, na tiba waliyoijua madaktari ilikuwa kuwapasua na kuyatoa. Daktari mmoja wa Thailand, Aree Valyasevi, pamoja na wenzake, miongoni mwao Mmarekani Scott Halstead, walitaka kujua kwa nini mawe hayo yaliwaandama watoto wa vijijini. Ikabidi waende vijijini.

Huko walikuta vichanga wakianza kulishwa wali wa kunata mapema mno, wengine katika majuma ya kwanza ya maisha yao. Mama alirudi shambani, mtoto akabaki na bibi, na wali ndio uliokuwapo. Chakula hicho kilikuwa na fosforasi kidogo, na mkojo wa watoto ulijaa chembechembe zinazojenga mawe. Walipoongezewa fosfeti, chembechembe zilipungua. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1967. Hakuna kifaa cha chumba cha upasuaji ambacho kingeonyesha chanzo kile. Alikijua bibi aliyekuwa akimlisha mjukuu, naye hakuwa ameulizwa.

Aree baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Taasisi ya Lishe ya Chuo Kikuu cha Mahidol, iliyofunguliwa mwaka 1977. Wataalamu wake walitengeneza mchanganyiko wa chakula cha nyongeza kwa watoto uliotokana na mchele, jamii ya kunde, na ufuta au karanga. Kila kitu kilipatikana kijijini. Wanawake wenyewe walikaanga, wakasaga na kufungasha, na watoto waliopungua uzito wakapewa. Nani alijua mtoto yupi amepungua? Wahudumu wa kujitolea waliopita na mizani kila baada ya miezi mitatu.

Wahudumu hao ndio nguzo ya jambo zima. Thailand ilianza kuwatandaza nchini mwaka 1977, mwaka mmoja kabla mataifa hayajakutana Alma-Ata kutangaza afya ya msingi kuwa njia ya kuwafikia watu wote. Leo wanazidi milioni moja, kila mmoja akiangalia takribani kaya 10 hadi 15. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu nusu ya watoto wa Thailand walio chini ya umri wa kwenda shule walikuwa na uzito pungufu. Muongo mmoja baadaye walikuwa wamebaki chini ya mmoja kati ya watano.

Uchumi wa Thailand nao ulikuwa ukikua kwa kasi miaka hiyo, na si haki kuupa mpango wa lishe sifa zote. Lakini fedha peke yake haiingii kwenye bakuli la mtoto. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zinalithibitisha hilo kwa uchungu.

Ghala lenye watoto waliodumaa

Mkoa wa Songwe ulizaliwa Januari 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,344,687. Ni mkoa wa kulima na kula. Mbozi ina kahawa, mahindi na maharage. Bonde la Momba lina mpunga na ufuta. Ileje ina ndizi, viazi na maharage. Upande wa Ziwa Rukwa kuna samaki. Karanga, ulezi, maboga, parachichi na mboga za majani zimeenea kote. Mgeni anayepita barabara kuu ya kwenda Zambia wakati wa mavuno huona magunia ya mahindi yamepangwa kando ya njia, na hawezi kudhani kwamba njaa ya aina yoyote inaishi humu.

Inaishi. Utafiti wa lishe wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha asilimia 43.3 ya watoto wa Songwe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wamepungua hadi asilimia 31.9, hatua inayostahili pongezi kwa viongozi, watumishi na wazazi wa mkoa huo. Hata hivyo bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini ina hali nzito zaidi: Iringa asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4, Rukwa asilimia 49.8. Mikoa hii ndiyo inayoilisha nchi.

Sababu zimesemwa mara nyingi. Mtoto anaanzishiwa uji mwepesi wa mahindi yaliyokobolewa, usio na maharage, karanga wala mafuta. Anakula mara mbili kwa siku wakati tumbo lake dogo linahitaji mara nne au tano. Anaharisha kwa sababu ya maji machafu na choo kibovu, na kile kidogo alichokula kinapotea. Mama anapalilia tangu alfajiri, mjamzito akiwa hana nafuu ya kazi. Mazao yanauzwa na fedha inapangiwa matumizi ambayo mama hakushirikishwa.

Turudi kwenye mchanganyiko wa Mahidol. Weka mahindi yasiyokobolewa au ulezi mahali pa mchele. Maharage yapo, ya Mbozi na Ileje, zikiwemo aina zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya. Karanga zipo. Ufuta wa Momba upo, ingawa mwingi hupakiwa kwenye malori kwenda kuuzwa. Kila kilichowainua watoto wa vijiji vya Thailand, au ndugu yake wa karibu, kinaota katika udongo wa Songwe. Kinachokosekana ni mtu wa afya anayejua jinsi ya kukifikisha kwenye sufuria ya nyumba fulani, yenye mama fulani, mwenye kuni kiasi fulani na saa kiasi fulani.

Mwanafunzi anayehitimu leo hawezi kulijua hilo kutokana na bango la makundi ya vyakula lililobandikwa ukutani zahanati. Bango linasema mtoto apewe maharage. Halisemi kwamba maharage makavu yanachukua muda mrefu kuiva, kwamba mzigo wa kuni una bei au una saa tatu za kutembea, na kwamba mama aliyerudi shambani jua likizama atachagua mboga ya majani inayoiva upesi. Anayejua hayo ni aliyewahi kukoleza moto huo. Yeye ndiye atakayesema: loweka maharage usiku, pika mengi mara moja, yaponde uyakaushe, usage yawe unga utakaotia kwenye uji wa kesho na keshokutwa. Ushauri wa namna hiyo unatoka mikononi.

Thailand imelifanya jambo hili kuwa sehemu ya mafunzo. Daktari na mwanaanthropolojia wa nchi hiyo, Komatra Chuengsatiansup, aliandaa zana saba za kuisoma jamii ambazo zimetumika sana kuwafunza watumishi wa afya: ramani inayochorwa kwa kutembea kijiji kizima, mti wa ukoo, mpangilio wa vikundi na uongozi, mfumo wa tiba wa wenyeji, kalenda ya mwaka, historia ya mahali, na simulizi za maisha ya watu. Kalenda peke yake ingewafaa sana watumishi wa Songwe. Ingewaonyesha mwezi gani akiba hupungua, mwezi gani mama hana nafasi ya kupika mara mbili, mwezi gani mboga za porini na uyoga hujaa, na mwezi gani mkutano wa lishe hautahudhuriwa na mtu.

Kitimoto ya Mbozi na samaki mbichi wa Isan

Kaskazini mashariki mwa Thailand, eneo liitwalo Isan, wakulima wana kitoweo wanachokipenda kwa dhati: koi pla, samaki wa maji baridi anayekatwakatwa mbichi, akachanganywa na ndimu, pilipili na majani yenye harufu. Wazee huamini ndimu humwivisha. Haimwivishi. Samaki hao hubeba vimelea vya ini viitwavyo Opisthorchis viverrini, ambavyo huishi kwenye mirija ya nyongo kwa miaka na kuichokoa hadi saratani inapoanza. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikitambua rasmi kimelea hicho kuwa chanzo cha saratani mwaka 1994. Jimbo la Khon Kaen limekuwa miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu kabisa duniani vya saratani ya mirija ya nyongo.

Dawa ipo, praziquantel, nayo inaviua vimelea. Lakini mtu aliyemeza dawa Jumatatu akala koi Jumamosi ameanza upya. Kwa hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, wakiongozwa na Banchob Sripa, walikwenda kwenye vijiji vinavyozunguka Ziwa Lawa na kufanya mambo yote kwa pamoja: kutibu watu, kutibu paka na mbwa wanaohifadhi vimelea hivyo, kufundisha shuleni, na kuwatumia wahudumu wa kujitolea kuzungumza na kaya juu ya kumpika samaki. Kazi ngumu ilikuwa hiyo ya mwisho, kwa sababu koi ni chakula cha kukaribishana na cha wanaume kukaa pamoja baada ya kazi ya shamba. Anayekisema vibaya bila kukijua hasikilizwi.

Mbozi ina kisa chake kinachofanana na hicho mno. Wilaya hiyo inafuga nguruwe wengi, na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni kitoweo cha heshima kwenye magulio, kwenye baa na kwenye sherehe za wengi wasiokatazwa na dini. Utafiti uliofanywa katika vijiji 13 vya Mbozi na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta zaidi ya asilimia 15 ya watu waliopimwa wana dalili katika damu za maambukizi ya lava wa tegu wa nguruwe. Hicho ni kiwango kikubwa, na kila mwana Songwe anastahili kuelezwa maana yake kwa lugha nyepesi.

Mtu anapokula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, yenye vifuko vidogo vyeupe vya lava, hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na choo kikubwa. Choo kikiwa hakuna au ni kibovu, na nguruwe wakiwa wanazurura, wanayala mayai na mzunguko unaanza tena. Hatari kubwa ni pale mayai yanapoingia kinywani mwa binadamu, kupitia mikono isiyonawiwa, maji au mboga. Lava hujipenyeza hadi kwenye misuli na ubongo, na akiwa kwenye ubongo huleta kifafa. Anayeugua anaweza kuwa hajawahi kuonja kitimoto maishani mwake. Inatosha aliyempikia au jirani yake awe na tegu. Katika vijiji vingi mgonjwa huyo husemwa amerogwa, huachishwa shule, na huogopwa hata anapoanguka motoni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, wakiwemo wanafunzi wa shahada ya uzamivu, wamefanya kazi Mbozi kwa miaka mingi juu ya ugonjwa huu. Waliona kwamba ugawaji wa dawa ya kichocho kwa watoto wa shule husaidia pia kupunguza tegu, kwa kuwa dawa ni ileile inayotumika Khon Kaen, praziquantel. Wakaona vilevile kwamba dawa haitoshi bila mabanda, vyoo, ukaguzi wa nyama na jiko.

Kitimoto ya kukaanga au kuchoma hupikwa na watu wenye ujuzi, vijana wanaojua moto na wanaojua mteja mwenye haraka. Wao ndio wanaoamua, mara nyingi usiku na kwa mwanga hafifu, kama kipande kimeiva hadi ndani. Ni wangapi kati ya wanafunzi wa uuguzi na afya ya mazingira wamewahi kukaa zamu moja na mchoma kitimoto? Anayefanya hivyo atajua kwamba vipande vikikatwa vidogo huiva kwa uhakika zaidi, kwamba kuchemsha kabla ya kukaanga kunalinda na hakupotezi wateja, na kwamba mkaguzi wa mifugo asipofika machinjioni alfajiri, nyama hupita. Hayo ni mafunzo ya afya ya jamii kwa kiwango cha chuo kikuu, na yanatolewa nyuma ya bucha.

Tunduma, meza ya nchi tatu

Mji wa Tunduma ulikuwa na watu 219,309 kwa sensa ya mwaka 2022, na kila siku hubeba wengine wengi wasiohesabiwa: madereva wanaokwenda na kurudi Lusaka na Lubumbashi, mawakala wa forodha, wachuuzi wanaovuka kwenda Nakonde na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia, lakini Wanyamwanga wamekuwa na ndugu pande zote mbili tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Chakula nacho hakina pasipoti. Mahindi, mchele na maharage huenda Zambia. Kapenta waliokaushwa huja. Mboga ya majani iliyoungwa karanga huliwa pande zote, na Wabemba huiita ifisashi.

Kisha kuna chikanda. Wazambia hukitengeneza kwa viazi vya okidi vilivyokaushwa na kutwangwa, vikapikwa na unga wa karanga, magadi na pilipili mpaka kigande na kukatwa vipande. Okidi za Zambia zilipopungua, wachimbaji walihamia Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na viazi vikawa vinapita kwa magunia kuelekea mpakani. Watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria biashara hiyo kufikia viazi milioni kadhaa kwa mwaka, na hofu ya kuziangamiza okidi ni moja ya sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Mwanafunzi anayejifunza kupika chakula kimoja tu cha mpakani anakutana papo hapo na biashara, mazingira, sheria na mila za majirani. Hakuna moduli ya darasani inayobeba yote hayo kwa mkupuo.

Tunduma ina walimu wengine pia: mama lishe. Wanalisha madereva ambao hukaa saa nyingi wameketi, wanalala vibaya na wanakula chumvi na mafuta kwa wingi. Thailand inapambana na tatizo la namna hiyo. Raia wake wa kawaida hula sodiamu karibu maradufu ya gramu mbili kwa siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mchuzi wa samaki ni sehemu ya sababu. Huko wanaharakati wa kupunguza chumvi walileta kipimo kidogo kinachotumbukizwa kwenye supu na kuonyesha papo hapo kama imezidi. Mpishi anajionea, anaonja, anapunguza. Mama lishe wa Tunduma aliyepewa kipimo hicho, na akaheshimiwa kama mshirika, angefikia shinikizo la damu la madereva wengi kuliko semina yoyote ya hotelini. Angehitaji pia maji ya uhakika ya kunawia na kuoshea vyombo, na hapo mwanafunzi angeona kwamba ushauri wa afya usioambatana na bomba unabaki maneno.

Tanzania ilishayajua haya

Asije mtu akadhani haya ni mambo ya kuazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana na kuchimba vyoo. Mwaka huohuo ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Kisha, kuanzia mwaka 1983, Iringa ikawa darasa la dunia. Mpango wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani ulianza katika vijiji 168. Wahudumu wa vijiji walipima watoto kila robo mwaka, kijiji kikakaa kujadili kwa nini huyu amepungua, na kuamua kifanye nini. Ndani ya miaka minne hivi, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takribani asilimia 56 hadi 38.

Mahidol na Iringa zilitajwa pamoja katika vitabu vya lishe vya miaka ile. Thailand ikaendelea kuwatunza wahudumu wake: ikawapa kadi, mafunzo ya mara kwa mara, matibabu, na tangu mwaka 2009 posho ya kila mwezi. Tanzania iliwaacha wengi wao mikononi mwa miradi, na mradi ulipofungwa mizani ilirudi stoo. Kipimo cha uzito pungufu cha miaka ya 1980 si sawa na kipimo cha udumavu cha leo, kwa hiyo namba za Iringa za nyakati hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Hata hivyo, asilimia 56.9 ya watoto waliodumaa katika mkoa uliowahi kuifundisha dunia ni jambo la kusikitisha, na linaonyesha gharama ya kuacha kazi njiani.

Sasa nafasi imerudi. Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI, hufanyika kila robo mwaka, na jiko darasa ni sehemu yake. Mifupa ipo. Nyama yake ni mafunzo ya watu watakaoifanya kazi hiyo.

Katika Songwe jambo hilo lingeanza hivi. Mwanafunzi yeyote wa afya anayekuja kwa mafunzo ya vitendo, kutoka vyuo vya Mbeya au kutoka ng'ambo, juma lake la kwanza awe kwenye kaya. Achote maji, atafute kuni, apike na ale. Asiandike ushauri wowote juma hilo; aandike kalenda, bei na saa. Mama mwenyeji alipwe kama mwalimu, kwa kiwango kinachojulikana na kwa risiti. Juma la pili aende bucha, machinjioni na kwa mama lishe. Zahanati ifuate baadaye, na atakapoingia humo atamwelewa mgonjwa aliyeketi mbele yake.

Wageni nao wana la kutoa. Mwanafunzi aliyepita Thailand anaweza kuonyesha som tam kwa papai bichi na karanga za Mbozi, chakula kisichohitaji kuni hata moja. Na safari isiwe ya upande mmoja. Chuo Kikuu cha Mahidol kina taasisi ya maendeleo ya afya iliyoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa Japani, inayofundisha afya ya msingi kwa watu wa mataifa mbalimbali, na wakala wa ushirikiano wa kimataifa wa Thailand, TICA, hutoa mafunzo mafupi na ufadhili wa masomo kwa nchi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo. Nafasi hizo mara nyingi huishia kwa maofisa wa makao makuu. Zingefaa zaidi zikimfikia ofisa lishe wa Momba au msimamizi wa wahudumu wa jamii wa Ileje.

Wapo watakaosema mitaala imeshajaa na zahanati hazina dawa za kutosha, hivyo mapishi ni anasa. Hoja hiyo inasahau hesabu ya kifafa kinachotibiwa kwa miaka, na ya mtoto aliyedumaa ambaye hakuna dawa ya kumrudishia miaka yake miwili ya kwanza. Wengine wana hofu ya haki zaidi, kwamba kuingia jikoni kutageuka njia mpya ya kuwalaumu akina mama. Hofu hiyo izingatiwe. Ila anayelaumu mara nyingi ni yule aliyebaki mlangoni na bango lake. Aliyekaa ndani huona kwamba mama anajua mengi, na kwamba anachokosa ni maji karibu, mafiga yasiyokula kuni nyingi, mume anayebeba mtoto wakati chungu kipo motoni, na sauti katika fedha ya mavuno.

Fedha ya kuanzia ina njia yake. Tangu Mkataba wa Lishe uliosainiwa Desemba 2017 mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Halmashauri tano za Songwe, yaani Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, zinapoandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, ziweke humo kifungu cha malipo ya akina mama wa jiko darasa na nauli za wanafunzi watakaokaa nao. Taarifa za SALIKI za kila robo mwaka zieleze, kando ya idadi ya watoto waliopimwa, ni kaya ngapi zilizopika pamoja na wanafunzi, ni chakula gani kilichojaribiwa, na ni kaya ngapi zilikuwa bado zinakipika miezi mitatu baadaye. Madiwani wanaoidhinisha bajeti hiyo wanaweza kuanza kuyauliza hayo katika kikao cha robo ijayo.